Meneja Ametoka Kidogo

“Saa mbili na dakika kumi!” Bwana Makorongo alikuwa akipiga meza kwa kiganja. “Umemwondoa Meneja ofisini kwake kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, bila barua, bila kibali, ukamtundika kwenye kamba pamoja na matambara ya kudekia! Unajua hilo ni kosa la aina gani?”

“Nimeanika koti, Bwana Makorongo. Limeingia nondo, wanalitoboa.”

“Nondo wa Meneja!”

“Basi nimeanika nondo wa Meneja.”

“Bi. Kandida, usinijibu mkato. Nimesafiri kutoka Wizarani kwa ajili ya jambo hili.”

“Na mimi klorini yangu inakwisha saa nane, nimebakiwa na dakika ishirini. Kama unanifukuza, nifukuze. Kama hunifukuzi, nipishe mlangoni.”

Bwana Makorongo, Afisa Utumishi Mkuu, hakumpisha. Alikuwa ameagizwa apate maelezo ya maandishi, na katika nchi yetu mtu aliyeagizwa maandishi haondoki na maneno ya mdomo. Jina la nchi yetu silitaji. Niliomba ruhusa ya kulitaja, fomu ikapelekwa kwa mhusika, nami nikaambiwa yupo ila ametoka kidogo.

Nieleze desturi hii kwa msomaji ambaye hajawahi kufuatilia jambo ofisini. Mwanamume wa kwetu akifika kazini huvua koti, akalivika kiti. Kisha huenda kwenye shughuli zake. Ukimuulizia utaambiwa, “Yupo, si unaona koti lake?” Kwa miaka mingi hili lilikuwa jambo la mazoea tu, mpaka Serikali yetu sikivu ilipoona wananchi wananung'unika, ikatoa Waraka Namba Saba wenye sentensi moja: “Ofisa ambaye koti lake lipo, yupo.” Manung'uniko yakakoma siku hiyohiyo, maana sasa ofisi zote zilikuwa na watu.

Meneja wa Mtambo wetu wa Maji, Bwana Gervas Mtitu, alivua koti lake la kijivu Jumanne moja baada ya chai, akasema anakwenda kumwona mtu getini. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja na miezi kumi iliyopita. Kila mtu anajua yuko ng'ambo ya mpaka, anafuga bata, na ana mke mwingine mwenye meno mazuri. Kila sikukuu hututumia salamu. Lakini kwa mujibu wa Waraka yupo, ametoka kidogo, na kiti ambacho mwenyewe yupo hakiwezi kupewa mtu mwingine.

Kwa hiyo kazi alipewa Bi. Kandida Luoga, mwenye stashahada ya maji kutoka chuoni, ili akaimu. Aliambiwa ni kwa wiki moja.

Mimi nilikuwa natunza pampu ya pili, naye nilimwona kila siku. Alipima maji, alipima shabu ya kutulizia tope, alikemea madereva wa malori, alifungua pampu iliyokwama na kuifunga tena huku bintiye wa miaka kumi akimshikia taa. Mtoto huyo, Faraja, alikua kwa kelele za pampu. Mshahara wa meneja ulikwenda kwa koti. Bi. Kandida alilipwa wa kaimu, ambao si mshahara hasa, ni ishara ya kuaminiwa.

Mwaka wa mafuriko mto uliingia mjini na kutoka na vyoo vyote. Siku tisa Bi. Kandida hakwenda nyumbani. Sisi wanawake sita tulibeba magunia ya shabu vichwani kwa sababu lori lilikuwa limempeleka Mkuu wa Wilaya kuona mafuriko kutoka mahali pakavu. Miji jirani ilizika watu. Sisi hatukuzika hata mmoja. Mwezi uliofuata Wizara ilileta nishani, wakaibandika kwenye koti upande wa kushoto, na Katibu Mkuu akaushika mkono wake, yaani mkono wa koti, akautikisa kwa hisia. Bi. Kandida alipewa kanga na kuombwa aongoze vigelegele.

Aliongoza. Alikuwa na homa, lakini aliongoza.

Sasa msije mkadhani nchi yetu haipendi wanawake. Tuna Sheria ya Usawa Kazini, na tuna Waziri wa Usawa, Mheshimiwa Profesa Balozi Ngwandu, mwanamume, kwa sababu iligundulika kwamba mwanamke angeweza kuegemea upande. Sheria inasema mwanamke hatatofautishwa na mwanamume kwa namna yoyote ile. Ilipoanza kutumika, walikuja mafundi wawili wakabomoa choo cha wanawake pale mtamboni, maana kilikuwa kinatutofautisha. Likizo ya uzazi nayo ilifanywa sawa: kwa kuwa hakuna mwanamume aliyewahi kuiomba, ikaonekana haihitajiki.

Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu kidogo huko mwisho, ambacho Bwana Makorongo alikisoma siku ile ya nondo akiwa ameinamisha macho. Kaimu akitimiza miaka kumi na miwili bila kuthibitishwa, anahesabika hakuwahi kuajiriwa. Hana pensheni, hana barua ya utumishi, hana hata haki ya kusema aliwahi kufika.

“Umebakiwa na siku arobaini,” alisema.

Bi. Kandida alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa saa za kazi.

“Nithibitisheni,” alisema. “Nimeandika barua kumi na saba. Nithibitisheni tu, Bwana Makorongo. Koti libaki na kiti, mimi nitasimama. Nishazoea.”

“Si mimi, mama.”

“Ni nani?”

“Anayehusika…”

“Ametoka kidogo.”

Bwana Makorongo alitazama mlango, kisha akashusha sauti. “Unadhani mimi nafurahia? Mke wangu ni kaimu mwalimu mkuu, huu mwaka wa tisa. Akirudi nyumbani hasemi na mtu. Omba usaili. Sheria inakuruhusu kuomba nafasi ishindaniwe. Omba leo.”

Akaomba siku hiyo, akawahi klorini dakika tatu kabla ya saa nane.

Usaili ulifanyika siku ya kumi na nane. Jopo lilikuwa la wanaume watano na jagi la maji yetu. Waombaji walikuwa watatu: Bi. Kandida, kijana mmoja wa kiume aliyeitwa Bwana Deusi, ambaye mjomba wake alimwambia aje, na Meneja Mtitu mwenyewe, ambaye kwa kuwa yupo asingeweza kunyimwa haki ya kutetea kiti chake. Lilibebwa na wahudumu wawili, nishani ikining'inia.

Mwenyekiti wa jopo alitangaza kwamba ili usawa uonekane, waombaji wote wataulizwa maswali yaleyale, neno kwa neno. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo tuliokuwa nje tulisikia kila kitu.

“Swali la kwanza. Je, una mimba?”

“Sina,” alisema Bwana Deusi.

“Unatarajia kupata mimba katika miaka mitano ijayo?”

“Sitarajii.”

“Una uhakika gani?”

“Nina uhakika kabisa.”

Tulisikia kalamu zikiandika. Mjumbe mmoja alisema kwamba hajawahi kukutana na mwombaji mwenye mipango inayoeleweka namna hiyo.

“Mume wako anasemaje kuhusu kazi hii?”

“Sina mume.”

“Yaani hakuna atakayekuzuia kusafiri?”

“Hakuna.”

“Vizuri sana. Swali la mwisho, la kitaalamu. Shabu ni nini?”

“Ni… kiungo?”

Jopo lilimpa nusu ya alama, kwa kuthubutu.

Akaingia Bi. Kandida.

“Je, una mimba?”

“Nina miaka hamsini na miwili.”

“Jibu swali, Bi. Kandida. Mwenzako amejibu.”

“Sina.”

“Unatarajia kupata?”

“Mheshimiwa, naomba uniulize kuhusu maji.”

“Andika,” Mwenyekiti alimwambia katibu, “mwombaji anakwepa. Mume wako anasemaje kuhusu kazi hii?”

“Mume wangu ni marehemu.”

“Poleni. Alisemaje?”

Kisha tukasikia sauti ya Bi. Kandida, na haikuwa ile ya kukemea madereva. “Alisema nitakufa nikikaimu.”

Kwenye swali la shabu alieleza kwa dakika nane: kiasi gani maji yakiwa ya kahawia, kiasi gani yakiwa mekundu, nini kinatokea mtu akizidisha, nini kinatokea akipunguza, na majina ya mitaa ambayo watoto wake wangekuwa wa kwanza kuharisha. Mwenyekiti alimkatiza. Alisema majibu marefu ni dalili ya kutojiamini.

Mwisho likawekwa koti. Waliliuliza kama lina mimba. Wakasubiri dakika nzima, kama sheria inavyotaka. Wakauliza la pili, wakasubiri. Hata lile la mume waliliuliza. Mjumbe mmoja mzee alionekana kusinzia, lakini baadaye alieleza kwamba alikuwa anaguswa.

Matokeo yalisomwa palepale. Koti lilipata alama tisini na moja. Lilisifiwa kwa utulivu, kwa kutompandishia mtu sauti, kwa kutoomba ruhusa ya kuuguza mtoto hata mara moja katika miaka kumi na mmoja, na kwa kutojibu swali lolote kimakosa. Bwana Deusi alipata themanini, akachukuliwa Wizarani kama mtaalamu. Bi. Kandida alipata thelathini na nne. Jopo lilimpongeza kwa kushiriki.

Alitoka akapita katikati yetu, akaenda moja kwa moja kwenye chujio la tatu ambalo lilikuwa linavuja. Mama Shuku, mkubwa wetu kwa umri, mwenye pampu ya kwanza, alimfuata na spana.

“Kandida, mwanangu, lia basi.”

“Nipe ile namba kumi na tisa.”

“Nimesema lia.”

“Nikilia nani ataziba hapa? Nipe spana, Mama Shuku.”

Akampa. Akaziba. Halafu akabaki pale amepiga magoti kwenye tope, na alibaki muda mrefu kuliko nati moja inavyohitaji.

Siku ya thelathini na tano Bwana Makorongo alirudi na bahasha mbili. Alikataa kiti, alikataa chai.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya Bi. Kandida. Ndani mlikuwa na tamko la kutia saini: kwamba katika miaka yote ya kukaimu hakufanya jambo lolote kwa akili yake, bali kila hatua, ikiwemo ile ya mafuriko, ilifanywa kwa maelekezo ya Meneja Mtitu aliyekuwepo kitini muda wote. Akitia saini ataruhusiwa kuondoka kwa amani bila kushtakiwa kwa lile kosa la kamba ya nguo.

“Na nisipotia?”

Bwana Makorongo akaweka bahasha ya pili mezani. Ilikuwa ya Faraja. Binti yule tuliyemlea kwa zamu kati ya pampu na pampu alikuwa amemaliza chuo kilekile cha mama yake, stashahada ileile, na alikuwa nyumbani mwaka wa pili akisubiri kazi. Barua ilisema Serikali inathamini familia, na kwa hiyo Bi. Faraja Luoga anateuliwa kuwa Kaimu Meneja wa Mtambo wa Maji, chini ya Meneja Mtitu.

“Kwa muda gani?” aliuliza Bi. Kandida.

“Wiki moja,” Bwana Makorongo alisema, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeumwa jino. “Usipotia saini, barua hii haipo. Mimi nimetumwa tu, Mama Faraja.”

“Najua umetumwa. Hapa sijawahi kumwona mtu ambaye hakutumwa.”

Aliinama akatia saini. Hakusoma mara ya pili. Niseme ukweli, mimi nilimkasirikia. Lakini mimi binti yangu alikuwa na kazi.

Makabidhiano yalipangwa Siku ya Usawa, ambayo kwetu ni sikukuu kubwa na wanawake hufanya kazi mara mbili ili sherehe ifane. Mheshimiwa Profesa Balozi Ngwandu alikuja mwenyewe. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa mtambo, viti vya mbele vya wageni, vya nyuma vya wake wa wageni, na sisi tukapewa kusimama kwa sababu tumezoea. Koti liliwekwa kwenye kiti cha enzi chenye kitambaa cha manjano. Tangu jopo lilipolipa ushindi hakuna aliyethubutu kulianika tena, na nondo walikuwa wameshaliingia begani.

Waziri alizungumza saa moja na nusu.

“Nchi nyingi,” alisema, “nchi nyingi huzungumza usawa kwa maneno. Sisi tumekwenda mbali zaidi, hatuongei kabisa! Leo mama anaondoka, binti anaingia. Kiti hakijatikisika! Je, huo si uthabiti? Akina mama, si uthabiti huo?”

Tukapiga makofi. Mtu akipewa soda hupiga makofi.

“Mwanamke ni injini! Na injini hukaa wapi? Hukaa ndani, imefunikwa! Ukiona injini imetoka nje ujue gari ni bovu!”

Kisha akamwita Faraja mbele aape. Alikuja amevaa gauni la bluu lililoshonwa kwa ajili ya mahafali yake ya chuo, na viatu vya mama yake. Bwana Makorongo akampa karatasi ya kiapo. Lakini kabla ya kiapo, Waziri alisema, kuna heshima moja ndogo ya kimila: Kaimu mpya humpangusa Meneja vumbi.

Mhudumu akamletea brashi kwenye sinia.

Faraja alimtazama mama yake. Akachukua brashi, akapiga goti kama tunavyopiga kwa wakubwa, akaanza kupangusa koti begani, polepole, akichunga asitanue tundu za nondo. Alikuwa na mkono mwepesi. Ni mkono uleule wa mama yake wa kupimia shabu. Wageni wakasema, “Aah, ana adabu.” Mpiga picha akamwomba arudie, na ainamishe kichwa kidogo. Akarudia. Akainamisha.

Bi. Kandida alikuwa amesimama karibu na mimi. Nilimsikia anahesabu kwa mnong'ono, na nikadhani anahesabu dakika za klorini.

“Ishirini na miwili,” alisema. “Ana miaka ishirini na miwili. Kumi na miwili juu, thelathini na minne. Halafu na yeye wanamletea bahasha.”

“Kandida,” nilisema, “nyamaza, tutafukuzwa.”

“Tangi la hospitali limejaa?”

“Limejaa. Ulilijaza mwenyewe asubuhi.”

“La shule ya watoto?”

“Limejaa pia. Kwani vipi?”

“La juu ya kilima?”

“Nusu. Kandida, kwani vipi?”

Bi. Kandida akatembea mpaka mbele, mbele ya Waziri, mbele ya mpiga picha, akamshika Faraja mkono wenye brashi na kumwinua. Brashi akairudisha kwenye sinia. Akatoa shada la funguo kiunoni, lile ambalo lilikuwa limemtoboa sketi kwa miaka kumi na miwili kasoro siku moja, akaliingiza kwenye mfuko wa koti. Koti likaegemea upande mmoja kwa uzito.

“Meneja,” alisema kwa adabu, “mimi sikufanya kitu, nimetia saini. Kila kitu umefanya wewe. Endelea.”

Waziri alicheka, akidhani ni sehemu ya ratiba. Bwana Makorongo hakucheka. Alikuwa anatazama njia ya kwenda kwenye jumba la pampu, na angeweza kusimama pale katikati akazuia, maana ni mtu wa mwili. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jumba la pampu halina mlango wa kufungwa kwa funguo; lina kelele tu. Bi. Kandida aliingia, Faraja nyuma yake amevua viatu na kuvishika mkononi. Mama Shuku akatema ganda la muwa akafuata. Wakafuata wale watatu wengine. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria dawa za mume wangu, na sioni aibu kusema kwamba nilifikiria pia soda ambayo sikuwa nimeimaliza. Kisha nikaenda, kwa sababu pampu ya pili ni yangu na hakuna mwingine anayejua inavyozimwa bila kuvunjika.

Tulizifunga kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa na yeye. Klorini kwanza. Halafu pampu ya kwanza: Mama Shuku aliipiga kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. Halafu yangu. Ya tatu ilikuwa ya gurudumu kubwa, mizunguko arobaini kwa mkono, na Bi. Kandida aliishika upande mmoja, binti yake upande wa pili. Kwenye mzunguko wa thelathini gauni la bluu lilichanika kwapani, na Faraja akaendelea kuzungusha.

Ikanyamaza.

Nimefanya kazi mle miaka kumi na tisa na sikuwahi kusikia sauti yangu ya kawaida humo ndani. Sasa tulisikia kila kitu: tone likianguka, pumzi ya Mama Shuku, na huko nje kwenye turubai Waziri akitaka mtu amwambie Meneja atoe amri.

“Twendeni,” alisema Bi. Kandida.

Tukatoka kwa mlango wa nyuma, wanawake saba, kila mmoja akiwa amebeba vilivyo vyake.